Alizaliwa Kwenye Kisanga

Mdogo wangu aliponiandikia kwamba anaolewa, nilikuwa nanyonyesha. Nilisoma ujumbe, nikamtoa mtoto titi, nikausoma tena huku mtoto analia. Harusi Ugiriki. Kwenye kisiwa. Watu kumi na wawili.

Nikampigia.

"Kumi na wawili njo wa meza ya mbele?"

"Hapana, yaya," akasema, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, na ndio ni njo. "Njo wote."

"Wote wa wapi?"

"Wote wa harusi. Tunataka kitu kidogo. Kitu ya utulivu."

Hapa Kindu, kwetu Kongo, watu kumi na wawili hawatoshi hata kuchambua mchele wa harusi. Hiyo ni hesabu ya wanawake wanaokaa nyuma ya nyumba kusema vibaya sufuria za wenzao. Mtu akizikwa na watu kumi na wawili, mtaa mzima unajiuliza marehemu aliwakosea nini majirani. Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka kile kicheko chake cha Ubelgiji kinachotokea puani, akasema atanitumia orodha.

Orodha ikaja. Upande wa bwana-arusi sita: mama yake, dada zake wawili, mjomba wake, rafiki wawili. Upande wa bibi-arusi sita: rafiki, rafiki, rafiki, mpaka chini. Mjomba wetu aliyempeleka Ulaya akiwa na miaka kumi na miwili amekwisha kufariki, huyo simlaumu. Lakini kutoka Kindu hakukuwa na mtu hata mmoja.

"Mama hana pasipoti," mdogo wangu akasema, "na weye uko na mutoto mudogo. Sikutaka kuwasumbua."

Kuwasumbua! Mgongo wangu ulimjua yeye miaka ishirini na zaidi kabla haujamjua mtoto wangu mwenyewe. Nilimbeba nikiwa na miaka minane, mimi mwenyewe mwembamba kama fito, miguu yake ikinigonga magotini. Leo ananiambia hakutaka kunisumbua.

Halafu, katika ujumbe uleule, chini ya picha za nyumba nyeupe na bahari ya buluu kama mche wa sabuni ya kufulia, akaandika anachohitaji kutoka kwetu. Alitaka vitenge viwili vya kufanana. Na alitaka cheti cha kuzaliwa. Alikuwa ameondoka hapa kwa karatasi za mjomba zilizoandikwa haraka haraka, na ofisi ya mji wa kile kisiwa ilizikataa.

"Yaya, bila ile karatasi, harusi haiko."

Ndivyo nilivyoingia katika maandalizi ya harusi ya Ugiriki. Sikualikwa, lakini bila mimi haiko.

Nilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamwambia mwanao anaolewa Ugreki.

"Ku Mugreki?" Mama akasimamisha mchi. Karibu na stesheni ya treni liko duka moja la zamani, limefungwa, lina veranda ndefu. Watu wazima bado wanaliita kwa Mugreki, ingawa Mgiriki mwenyewe aliondoka kabla mimi sijazaliwa. "Ile nyumba iko na popo," mama akasema. "Wataolea wapi, mu popo?"

"Si dukani, mama. Kwao Bagreki wenyewe. Mbali. Ku kisanga."

Mdogo wangu husema kisiwa, neno alilochukua kwa mchumba wake, ambaye mama yake ni mtu wa Tanga. Sisi hapa tunasema kisanga.

"Ku kisanga," mama akarudia. Akashika mchi tena, lakini alitwanga polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nilidhani amechoka.

Wiki ile tukaenda kwenye biro, ofisi wanakoandika watoto waliozaliwa, mama mbele, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Karani alikuwa mtu mpole, ana kalamu mbili mfukoni na moja sikioni.

"Mutoto alizaliwa wapi?"

"Kindu," nikajibu haraka. Ndilo jibu lililokuwa kwenye madaftari yake yote ya shule.

"Uongo," mama akasema.

Karani akatutazama kwa zamu.

"Alizaliwa ku kisanga. Mu mto. Nilimuzaa mie, si huyu."

"Kisanga gani, mama? Iko na jina?"

"Ile saa ya vita, jina ingetusaidia nini? Tulikuwa tunaita hapa."

"Hapa?"

"Hapa. Lala hapa. Usilie hapa."

Karani akacheka, kisha akaona mama hacheki. "Mama yangu, tuandike Kindu, iishe. Kisanga na Kindu njo mamoja."

"Andika. Lakini kidole changu sitaweka. Nilificha miaka yote juu ya masomo, shule ilitaka jina la mji. Sasa anaolewa. Muntu haolewi juu ya uongo."

Mimi nilikuwa najua alikozaliwa. Nilikuwepo. Lakini jibu ukilisema miaka mingi, mdomo unalizoea, na nilikuwa nimefika mahali pa kuamini kwamba kile kisanga nilikiota. Kumsikia mama anakitaja mbele ya karani, kwa sauti ya kuagiza mafuta ya mawese, kulinitia baridi.

Karani akasema sawa, lakini kwa kitu kama hicho anataka mashahidi wawili walioona kwa macho. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa mama mudogo, mdogo wake mama, na mama mudogo anakaa Kampene. Njia ya Kampene ukiijua, huna haja nikueleze. Usipoijua, mshukuru Mungu. Tulimngoja siku kumi. Mdogo wangu alituma picha za maua kila asubuhi. Yaya, niweke haya meupe au haya ya rangi ya ndimu? Yaya, upepo ule utachukua shela, nifanye nini? Yaya, ile karatasi? Nilimjibu neno moja kila siku: Barabara.

Mama mudogo akafika nyuma ya pikipiki, tope mpaka magotini, anacheka. Yeye hucheka na mkono mdomoni, siku zote. Akatoa ushahidi wake amesimama: ndiyo, kisanga, mie njo nilikata kitovu, na wembe. Karani akaandika kwa Kifaransa kwamba mtoto alizaliwa kwenye kisanga cha mto Lualaba, hapa Kindu, akagonga muhuri. Tulipotoka, hatukuulizana njia. Sote watatu tukateremka mpaka ukingoni, tukasimama kutazama maji.

Nilikuwa na miaka minane. Treni ilikuwa imeacha kuja, majani yameota katikati ya reli. Baba alikuwa amekwenda Punia kabla barabara haijafungwa, na hakurudi. Risasi zilipofika mtaani kwetu, jirani mmoja Mugenya, kabila la wavuvi wa mto, mtu wa mitumbwi, alituvusha asubuhi moja ya ukungu. Mama alikuwa na tumbo la miezi minane, akakaa katikati ya mtumbwi ameshika sufuria kama taji.

Kisanga kilikuwa chembamba kama ulimi wa mbuzi. Majani marefu, mchanga upande mmoja, na migomba ya mtu tusiyemjua. Tulijenga vibanda vya majani pamoja na wengine waliovushwa.

Naona aibu kuandika hili, lakini niliishi vizuri pale. Mjini mama alikuwa mtu wa sokoni, namwona akitoka na akirudi. Kwenye kisanga chetu kile hakuwa na pa kwenda. Alinisuka nywele, akazifumua, akanisuka tena, kwa sababu mchana ulikuwa mrefu. Alinifundisha kusoma nyayo za ndege mchangani. Nilijua kuogelea kabla sijajua kugawanya. Mdogo wangu alizaliwa nyuma ya pazia la majani ya mgomba. Mimi nilishika beseni, macho nimeyafumba, naambiwa fumbua, utamwaga maji. Alipomaliza arobaini wakanifungia mgongoni. Alinuka moshi na maziwa. Mpaka leo, mwanangu akitoka jikoni mikononi mwa bibi yake, ile harufu inanirudisha.

Tulichokosa ni chumvi. Samaki walikuwepo, mpaka tunawachoka, lakini bila chumvi samaki ni kama kutafuna kitambaa. Wanawake walichoma majani ya majini, wakachuja majivu, wakapata kitu kichungu tulichokiita chumvi kwa heshima tu. Sisi watoto tulikuwa na mchezo: tunakimbia mpaka jasho litoke, halafu tunalambana mikono.

Na ni hapo mama mudogo alipoolewa. Kijana mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli za mizigo msituni, kutoka upande wa Kasongo, alikuwa amemwomba kabla ya vita. Siku moja yule Mugenya akamleta. Baiskeli aliiacha ng'ambo, ameifunika majani. Nguo yake ilikuwa imechanika begani, na kwenye pembe ya nguo alikuwa amefunga fundo.

Mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu alikuwa amekimbia pamoja nasi. Akaketi kwenye mkeka, akauliza kama inavyotakiwa: "Mahari ni nini?"

Yule kijana akafungua fundo. "Chumvi."

Ilikuwa kama konzi mbili, ya kijivu kijivu, imeshikamana kwa unyevu. Nilimwona mwalimu akimeza mate. Mtu mzima, mwenye ndevu, anameza mate.

"Mahari ni ya mwanamke," akasema. "Yeye njo anasema."

Mama mudogo alikuwa amejifunga pazia la dirisha la nyumba yetu, lenye maua mekundu. "Nimekubali," akasema. "Na ninagawa."

Tukapanga mstari. Kila mtu alipewa kidogo kiganjani. Mwalimu akasema bismillahi, akafumba macho, akalamba. Mimi nililamba, nikamlambisha mdogo wangu kwa ncha ya kidole. Akakunja uso wote, halafu akafungua mdomo kudai nyingine.

Vigelegele ilikuwa lazima. Lakini sauti juu ya maji inakwenda mbali, na huku ukingoni na kule ukingoni kulikuwa na watu wenye bunduki. Basi wanawake wakapiga vigelegele ndani ya viganja vyao, wamebana midomo. Ilisikika kama njiwa waliofungiwa kapuni. Makofi tulipiga kwa ncha za vidole. Mama alicheza akiwa amesimama palepale, mabega tu.

Pale ukingoni, baada ya biro, nilianza kuwahesabu waliokuwepo siku ile, kwa vidole. Nikafika kumi na wawili. Nikakasirika upya.

"Kumi na watatu," mama akasema. "Hujajihesabu."

Jioni nilipiga picha ya cheti nikaituma Ubelgiji. Jibu likaja mara moja: "Yaya, wamekosea. Wameandika nilizaliwa ku kisanga."

"Hawajakosea," nikamjibu.

Akapiga, sikupokea. Nilitaka asikie mbele ya watu wote. Kulikuwa na kundi la simu la hiyo harusi, na mimi nilikuwa nimewekwa humo kwa ajili ya cheti. Mama wa bwana-arusi alikuwemo pia, mwenye salamu ndefu nzuri za watu wa pwani. Basi nikaandika kwa Kiswahili changu cha shule, bila kosa hata moja:

"Shikamoo mama. Cheti kimepatikana. Bibi-arusi wenu alizaliwa kwenye kisanga. Mama yetu mdogo aliolewa kwenye kisanga. Na sasa yeye pia anaolewa kwenye kisanga. Ndivyo ukoo wetu ulivyo, nasi tunajivunia."

Kimya. Kesho yake kutwa, kimya. Hata picha za maua hazikuja. Adhuhuri ya siku iliyofuata mdogo wangu akapiga, analia.

"Yaya, uliandika nini? Mama yake anasema harusi isimame mpaka aelezwe! Anauliza nilizaliwa ndani ya kisanga gani. Anauliza baba yangu ni nani. Anasema harusi ya mwanawe haiwezi kuitwa kisanga mbele ya watu!"

"Kwani kisanga iko na ubaya gani?"

"Kwao kisanga njo balaa! Njo aibu, mambo ya watu kusimuliana!"

Niliketi juu ya kinu. Nilitaka kucheka, lakini hasira ilitangulia. Mama ameapa ukweli, mama mudogo amekula tope la Kampene, na mwisho wake mto wetu unaitwa aibu. Nikaomba namba ya huyo mama, nikampigia mimi mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi mtu mzima, nieleze tu, sitashangaa. Kilitokea kisanga gani huko kwenu?"

"Mama, kisanga ni ardhi. Huku maji, huku maji."

"Kisiwa?"

"Njo hiyo. Mji wa Kisangani umeusikia?"

"Nimeusikia sana."

"Ulidhani ni mji wa nini? Wa balaa?"

"Haki ya Mungu, mwanangu, miaka yote nilidhani hivyo. Nikasema masikini, hawa watu, hata jina wamejipa la mikosi."

Tukacheka wote wawili, yeye mpaka akakohoa. Nikadhani hasira imeisha. Haikuisha. Nikamweleza kisanga chote, wembe, jasho, fundo, mwalimu anayemeza mate, vigelegele viganjani. Hakunikatiza. Nilipomaliza hayo nikashindwa kunyamaza.

"Na kwenye kisanga chenu cha Ugiriki, mama, sisi hatuna mtu. Nilimbeba mie. Upande wa bibi-arusi kuna rafiki sita, hakuna hata mmoja anayejua alikotoka. Yeye mwenyewe hajui. Tumetuma karatasi, basi, kazi yetu imekwisha."

Nilisikia anavuta pumzi. Nikajua nimeharibu. Mama atasema nini, nimemgombeza mkwe?

"Ni sita na sita?" akauliza.

"Sita na sita."

"Basi upande wa mwanangu watabaki watano. Mimi nahamia kwenu."

"Mama, weye njo mama ya bwana-arusi!"

"Ana dada zake, ana mjomba wake, watamtosha. Mimi nimekaa Ulaya miaka, lakini sijafika mahali pa kumtazama bibi-arusi hana mtu wa kumpigia kigelegele. Nifundishe tu mnavyofanya."

Sikuwa na la kumfundisha. Vigelegele vya Tanga anavijua yeye. Nikamwambia tu vitenge viwili tayari viko njiani, kimoja cha bibi-arusi, kingine sasa chake. Na nikamwambia: "Mama, usifunike mdomo. Sie tulifunika."

Mdogo wangu alinipigia siku ile ile. Hatukuzungumza juu ya maua. Alitaka nimweleze alivyokunja uso kwa chumvi. Nikamweleza mara tatu, mwishowe akanifanya nikunje mimi, kwenye simu ya picha, ili aone.

Siku yenyewe ikafika. Mama mudogo alikuwa hajarudi Kampene, alisingizia barabara. Tuliegemeza simu kwenye kinu, mchana, uani, mtoto wangu kalala kwenye mkeka. Picha inakuja, inaganda, inakuja. Tukaona mawe meupe, ngazi, mtu wa ofisi amevaa mkanda wa rangi, shela inataka kuruka kweli.

"Mbona kisanga yao haiko na miti?" mama akauliza. "Watu wakikimbilia pale wanajificha wapi?"

Mdogo wangu alikuwa kwenye nguo nyeupe, kitenge chetu kiunoni. Kando yake, upande wetu, mama mnene wa Tanga, kitenge kilekile, miwani ya jua. Bado nina hasira na ile orodha, sijaisamehe. Lakini nilihesabu upande wetu mara mbili, nikapata saba.

Yule mtu wa ofisi akasoma alichosoma. Wakatia saini. Halafu mama wa Tanga akavua miwani, akainua kichwa, akaachia. Simu ilitetemeka juu ya kinu. Sauti ile ilitoka kisanga cha Bagreki ikajaa ua wetu wote.

Nikamtazama mama mudogo. Mkono wake ulikuwa umekwisha kupanda mdomoni. Harusi zote nilizomwona, harusi za mtaa, harusi za amani, alipiga vigelegele vyake ndani ya kiganja, nasi tulidhani ni adabu zake. Mama akaushika ule mkono, akaushusha, akaubana pajani mwake.

Mama mudogo akajibu.

Sijui nikuelezeje. Kuku walikimbia. Mtoto wangu aliamka analia, nikamwacha alie. Majirani wakatoka, wanauliza nani anaolewa, wanaingia uani bila kungoja jibu, na mmoja tayari amebeba ungo. Nikaanza kuwahesabu, nilipopita kumi na wawili nikaacha.

Kwenye simu mdogo wangu alikuwa amesogeza uso karibu, shela imemfunika jicho moja.

"Yaya, nani huyo?"

"Mama mudogo."

"Mbona sijawahi kumusikia?"

"Hata sie," nikamwambia.